Soseji za chumvi kidogo zinatoa maji: fosfeti itaniokoa ama itanizamisha?

#1 SosejiZaTudor

Salaam aleikum wadau. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Natengeneza soseji za ng'ombe nyumbani, Tudor. Kazi ndogo: kilo 5 kwa mkupuo, mara tatu kwa wiki. Wateja ni majirani na vibanda viwili vya smoki pasua. Mwaka wa tatu huu, na sijawahi kurudishiwa hata moja.

Mzee wangu ana presha. Nyumbani tumepunguza chumvi kwenye kila chungu, hadi samaki wa kupaka analiwa kwa ndimu tupu. Siku moja alinikuta nafunga soseji akaniuliza, "Hizi wawauzia wenye presha kama mimi?" Nikakosa la kumjibu. Ndipo nikaanza kupunguza.

Kipimo changu ni nyama ya paja kilo 3, mafuta kilo 1, barafu kilo 1, kitunguu thomu, pilipili manga, kungumanga. Chumvi ilikuwa gramu 100, yaani gramu 20 kwa kila kilo. Nikashuka hadi gramu 50 kwa mpigo.

Yakhe, aibu niliyoiona! Nilipozichemsha ngozi ilikunjamana kama vidole vya mtoto aliyeshinda baharini. Mafuta yakaelea juu ya sufuria kama supu ya mifupa. Ukikata, ndani inamomonyoka kama keki ya juzi. Kilo 5 zikatoka kilo 4 na robo, na kijana mmoja wa kibanda akaniuliza kama siku hizi natia mkate.

Jamaa wa duka la kemikali kaniambia dawa yake ni fosfeti, "STPP", na kanipimia kilo nzima ya unga mweupe kwa bei ya kutupa. Bado sijaufungua. Nauliza: kweli hii kitu inashika maji chumvi ikipungua? Kiasi gani? Na kuna ubaya gani ambao muuzaji hakuniambia?

#2 kiti_cha_mbele

Naweka kiti hapa. Mimi ni mla smoki tu, sina mchango.

#3 FundiNyamaMtwapa

Kabla ya lolote, huo unga usiufungue. Duka lililokuuzia ni la chakula ama la wale wanaouza malighafi za sabuni?

#4 SosejiZaTudor

La sabuni. Mfuko hauna maandishi, kaandika STPP kwa kalamu.

#5 FundiNyamaMtwapa

Basi huo wape wanaotengeneza sabuni ya unga. STPP ni tripolifosfeti ya sodiamu, na kwenye sabuni kazi yake ni kulainisha maji magumu. Kemikali ni ileile, usafi ndio tofauti. Ya kiwandani haikusafishwa kwa ajili ya tumbo la mtu. Inaweza kubaki na risasi au aseniki kutoka kwenye mwamba iliyochimbwa. Ya chakula huja na mfuko ulioandikwa kuwa ni ya chakula, una E451 (namba yake ya kiungo cha chakula), tarehe na jina la aliyeitengeneza. Isiyo na maandishi, ichukulie kuwa ni sabuni.

Sasa swali lako. Nimekaa kiwanda cha nyama miaka 11, acha nieleze polepole.

Nyama ni nyuzi (uzi ndani ya uzi, msicheke). Ndani ya nyuzi hizo kuna protini mbili kubwa, miosini na aktini. Mnyama akiwa hai hushikana na kuachiana, ndiko kutembea kwenyewe. Kinachozifanya ziachiane ni nguvu ya mwilini iitwayo ATP. Ng'ombe akishachinjwa, ATP huisha baada ya saa kadhaa, zile mbili zinang'ang'aniana, nyama inakakamaa. Wakati huohuo asidi inapanda ndani ya nyama, pH (kipimo cha asidi, kikishuka asidi imezidi) inashuka kutoka kama 7 hadi karibu 5.5. Hapo ni jirani kabisa na kile kiwango ambacho protini hazitaki maji, kama 5.2 hivi. Nyama unayoinunua mchana dukani ni sponji iliyokamuliwa.

Chumvi inafanya nini? Watu wengi wanadhani ni ladha. Kwenye soseji chumvi ndiyo fundi mwashi. Inazivimbisha nyuzi, inaitoa miosini nje, ile inayokunata mikononi unapokanda. Miosini hiyo huvifunika vitone vya mafuta, na ukipika inagandamana kama nyavu na kuyafungia maji na mafuta ndani. Kazi hiyo inafanyika vizuri chumvi ikiwa karibu gramu 20 kwa kilo. Ulipofika 10 ulimfukuza fundi nyumba ikiwa nusu.

Fosfeti inaingia hapo kwa njia mbili. Kwanza inapandisha pH ya nyama kidogo, pointi 0.2 au 0.3, lakini kidogo hicho kinaisogeza protini mbali na pale pa kukataa maji. Pili, na hii ndiyo tamu, ndani ya nyama tripolifosfeti inakatwakatwa na vimeng'enya kuwa pirofosfeti, fosfeti fupi zaidi, na pirofosfeti inaigiza ATP. Inakwenda pale miosini na aktini zilipong'ang'aniana na kuziachanisha. Zikishaachana, hata chumvi ndogo inatosha kuitoa miosini. Kwa hiyo fosfeti hairithi kazi ya chumvi, inamrahisishia fundi kazi. Ukitoa chumvi yote ukabaki na fosfeti, bado utalia.

Kwa kilo 5 zako: chumvi gramu 60, STPP ya chakula gramu 15. Hiyo ni gramu 12 na gramu 3 kwa kilo. Marekani mwisho ni gramu 5 kwa kilo ya bidhaa iliyokwisha. Ulaya pia wana 5, ila wao huhesabu kwa njia nyingine. Usikimbilie mwisho. Ukizidisha, soseji inakuwa mpira na ulimi unahisi sabuni. Nunua mizani ya gramu moja moja, ile ya wauza viungo. Kijiko si kipimo.

Utaratibu: STPP iyeyushe kwanza kwenye maji baridi, PEKE YAKE. Ukianza na chumvi, fosfeti itakataa kuyeyuka itabaki chini kama mchanga. Kisha nyama isiyo na mafuta, maji hayo, chumvi, nusu ya barafu, saga mpaka inate. Mafuta na barafu iliyobaki baadaye. Rojo lisivuke digrii 12. Kwa joto la Mombasa hapo ndipo wengi wanapofia.

#6 BiMkubwa_Kibokoni

Wanangu, hayo madawa yote ya nini? Sisi tangu zamani tukitaka nyama ilainike twatia magadi kidogo, tena kidogo tu. Kebabu zangu hazijamomonyoka miaka 40.

#7 FundiNyamaMtwapa

Bi mkubwa shikamoo. Wala hujakosea, magadi yanapandisha pH kama fosfeti, ndiyo maana nyama inashika maji na kulainika. Lakini hayana ile kazi ya pili ya kuachanisha miosini na aktini. Halafu ni sodiamu vilevile, ukizidisha ladha yaharibika, na magadi yetu ya ziwani huwa na floridi nyingi. Kwa kebabu za mfungo sina neno. Kwa mtu anayeuza kila wiki, siwezi kumshauri.

#8 BiMkubwa_Kibokoni

Marahaba. Sawa, lakini kebabu zangu hazimomonyoki.

#9 abu_makupa

Swali la dini. Hiyo fosfeti inatoka wapi? Niliwahi kusikia inatengenezwa kwa mifupa. Mifupa ya nani?

#10 FundiNyamaMtwapa

Swali zuri. Fosfeti zinazotumika leo kwenye nyama, E450, E451 na E452, zinatokana na mwamba unaochimbwa ardhini. Akiba kubwa kuliko zote duniani iko Moroko, na hata jirani zetu Tanzania wana mwamba wa fosfeti pale Minjingu, wao hutengenezea mbolea. Ya mifupa ipo, ila hiyo ni E542, kitu kingine. Tarakimu zinafanana, ndipo watu wanapochanganya. Soma namba vizuri, ukitaka kutulia zaidi muombe muuzaji cheti cha halali. Kwenye soseji mimi ningeuliza kwanza ngozi imetoka kwa mnyama gani.

#11 SosejiZaTudor

Wadau nimerudi baada ya siku tisa. Nimepata STPP ya chakula, mfuko umeandikwa kila kitu. Mizani ninayo. Nimefuata kila neno la Fundi.

Matokeo: afadhali, lakini si ile niliyoitarajia. Kilo 5 zimetoka kilo 4 na gramu 550. Ngozi haijakunjamana sana, ila maji bado yanatoka ukikata, na chumvi nikionja naona imezidi ile niliyotia. Nimeongeza STPP hadi gramu 20 kwa mpigo wa pili, hakuna tofauti kubwa. Nakosea wapi?

#12 FundiNyamaMtwapa

Barafu unagandisha kwa maji gani?

#13 SosejiZaTudor

Ya kisima. Mfereji kwetu unakuja ukipenda.

#14 FundiNyamaMtwapa

Umejijibu. Kisima cha kisiwani kimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Ukinawa na sabuni, povu linatoka?

#15 SosejiZaTudor

Halitoki. Inabaki utando mweupe kwenye beseni.

#16 FundiNyamaMtwapa

Ndiyo kalsiamu hiyo. Nilikwambia kwenye sabuni STPP huwekwa kulainisha maji magumu, maana yake inaikamata kalsiamu. Haijui kama iko kwenye karai la nguo ama la nyama. Fosfeti yako sehemu yake imeshughulika na maji ya kisima kabla haijaiona nyama. Na ile chumvi uliyoonja zaidi imetoka kisimani pia, si mkono wako. Pata maji ya kunywa ya mtungi, lita 1 tu kwa mpigo, si gharama ya kukuua. Rudi gramu 15.

#17 kiti_cha_mbele

Kwa hiyo nimekula maji ya kisima miaka mitatu. Asante sana kwa taarifa.

#18 SosejiZaTudor

Maji ya mtungi, gramu 60 za chumvi, gramu 15 za STPP, rojo digrii 11 kwa kipimajoto. Nikapika kwenye maji ya digrii 78 hadi ndani ya soseji pakafika 72.

Kilo 5 zimetoka kilo 4 na gramu 800. Nimekata moja katikati: uso laini, unang'aa kidogo, hakuna hata shimo. Nimeibonyeza kwa kidole ikarudi. Maji ya sufuria karibu meupe kama nilivyoyatia. Nimewapa vijana wa kibanda bila kuwaambia, wakaniuliza mbona leo ni zile za zamani.

Nataka kuandika kwenye pakiti "chumvi pungufu kwa asilimia 40". Si kutoka 20 hadi 12?

#19 hesabu_za_likoni

Subiri kwanza. Chumvi imepungua asilimia 40, sawa. Lakini mwenye presha anakwepa sodiamu, na STPP ni ya sodiamu.

Gramu 20 za chumvi zina sodiamu gramu 7.9. Gramu 12 zina 4.7. STPP karibu asilimia 31 ya uzito wake ni sodiamu, kwa hiyo gramu 3 zinakuletea kama 0.9. Jumla 5.6 na kitu. Kutoka 7.9 hadi hapo umepunguza asilimia 28 tu. Ukiandika 40, umewadanganya watu kwa gramu za fosfeti.

Tuseme soseji moja ni gramu 50. Ina sodiamu kama miligramu 280, sawa na chumvi gramu 0.7. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku. Mtu akila mbili kashatumia zaidi ya robo, na kachumbari ya kibandani haijahesabiwa. Kachumbari ile mwajua wenyewe inavyotiwa chumvi.

#20 abu_makupa

Si kuna fosfeti za potasiamu? Na chumvi ya potasiamu pia ipo madukani. Sodiamu unaikwepa kabisa.

#21 muuguzi_wa_zamu

Zipo, na hapo ndipo nimeamua kuingia, maana nimekuwa nikisoma kimya.

Nauguza watu wa figo, wale wa kusafishwa damu. Presha na figo ni ndugu. Presha ya miaka inaharibu figo, na figo mbovu inapandisha presha. Wengi wanaotafuta "chumvi kidogo" ni haohao, na wengine hawajui figo zao zikoje. Sasa potasiamu: figo likichoka haliitoi, inapanda kwenye damu, na moyo unaweza kusimama. Kuna na dawa za presha kama enalapril na losartan ambazo zenyewe zinabakisha potasiamu mwilini. Bidhaa ya potasiamu usimpe mgonjwa bila daktari wake kujua.

Na fosfeti yenyewe, ambayo ndani yake mna fosforasi. Fosforasi iliyomo kwenye nyama au maharage kwa asili yake mwili huchukua kama nusu hivi, ya maharage hata chini ya hapo. Ile ya kutiwa inayeyuka na kuingia karibu yote. Mwenye figo nzima ataikojoa. Mwenye figo bovu inabaki: ngozi inamuwasha usiku kucha, mifupa inadhoofika, mishipa ya damu inakuwa migumu. Soseji moja ya kaka hapo juu ina kama miligramu 38 za fosforasi ya kutiwa. Peke yake si nyingi. Weka soseji mbili, soda nyeusi ya kola ambayo nayo ina asidi ya fosfori, jibini la kupaka, kuku wa friza aliyechomwa sindano ya maji ya fosfeti, mwisho wa siku ni mlima. Mwaka 2019 wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya waliweka kiwango cha miligramu 40 za fosforasi kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku, na wakasema wazi kwamba hakiwahusu wenye figo zilizopungua nguvu.

Kaka wa Tudor, mzee wako figo zake zimepimwa?

#22 kiti_cha_mbele

Uzi umegeuka. Nimeweka soda chini.

#23 FundiNyamaMtwapa

Dada kasema kweli, na miaka 11 kiwandani sikuwahi kuulizwa swali hilo.

Niongeze la upande wangu kabla sijasahau. Chumvi pia hulinda nyama isiharibike, na fosfeti haina nguvu hiyo ya kutegemewa. Soseji ya gramu 12 haitakaa kama ya 20. Kama zako za zamani zilikaa wiki kwenye friji, hizi usizihesabie hivyo. Zigandishe siku ileile, uza zikiwa barafu. Na kabla ya kuziweka kwenye rafu ya duka lolote, nenda KEBS, shirika la viwango la Kenya, uulize masharti.

#24 SosejiZaTudor

La kuharibika nimeshalipia. Stima ilipotea usiku kucha wiki jana, friji ikawa kabati. Asubuhi nikashika soseji moja, ina utelezi kama kamongo. Kilo 3 zimekwenda jaani. Siku hizi ni friza, na chupa za maji yaliyoganda zimejaa kila pembe.

La mzee. Nilichimbua faili lake kabatini. Karatasi ya mwaka jana ina kreatinini, kile kipimo cha damu cha kujua hali ya figo, imezungushiwa duara kwa kalamu nyekundu, na chini daktari ameandika arudi baada ya miezi mitatu. Hakurudi. Hakutuambia. Jumatatu tunakwenda.

Kwa hiyo soseji niliyoanza kuitengeneza kwa ajili yake, si yake. Fundi, pana njia ya kushika maji bila fosfeti wala chumvi nyingi?

#25 FundiNyamaMtwapa

Ipo, ya kizamani. Ile ATP ninayosema fosfeti inaigiza, tumia yenyewe kabla haijaisha. Nyama ya moto. Ipate ndani ya saa moja au mbili baada ya kuchinjwa, isage na kuitia chumvi papo hapo, kisha ipoze haraka. Chumvi ikiiwahi, pH haishuki sana na miosini inatoka kwa urahisi. Unga wa muhogo kidogo utasaidia kunywa maji yatakayobaki wakati wa kupika. Haitakuwa ngumu kama ya fosfeti, nakwambia mapema.

#26 muuguzi_wa_zamu

Na hata hiyo apewe kwa kiasi. Nyama ina fosforasi yake. Subirini majibu ya Jumatatu.

#27 SosejiZaTudor

Nimeelewa dada.

Nilizungumza na bucha wangu, akanipigia saa kumi alfajiri. Nimefika, kanikatia kilo 2 za paja. Wallahi nyama ilikuwa yacheza mkononi, msuli unarukaruka wenyewe kama samaki. Mashine nilikuwa nayo kwenye buti. Nimesagia pale nyuma ya bucha, gramu 10 za chumvi kwa kilo, nikaifukia kwenye barafu la maji ya mtungi. Jioni nikamalizia na mafuta na unga wa muhogo.

Imeshika. Haina ule mng'ao, na ukiikunja inakatika, lakini maji hayatoki. Thomu nimezidisha, na ndimu juu yake. Mzee kala nusu tu, kama tulivyokubaliana, akatafuna muda mrefu akitazama ukuta. Akasema, "Chumvi sijaiona. Soseji nimeiona."

Za biashara zitabaki na fosfeti. Maandishi ya pakiti nimeyapeleka kwa mchapaji leo, si vibaya mkiyakosoa: "Soseji za ng'ombe. Sodiamu pungufu kwa robo kuliko zetu za awali. Ina fosfeti ya kuongezwa (E451). Haimfai mwenye ugonjwa wa figo. Hifadhi kwenye friza." Nimeandika robo badala ya 28, ili nikikosea mizani nisiwe mwongo.

#28 hesabu_za_likoni

Robo ni sawa. Ule mstari wa figo fanya herufi kubwa kuliko jina lako.

#29 BiMkubwa_Kibokoni

Mpe pole mzee. Na hiyo nyama ya alfajiri ndiyo niliyokuwa nikiisagia kebabu miaka 40, sikujua ina jina. Magadi nilikuwa nayasifu bure.